Kaka anamtibu mama kwa simu kutoka Maskati

BARUA

Asalaam alaykum,

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba. Naishi na mama yangu, ana miaka 67. Ana sukari ya muda mrefu, na presha juu yake. Kliniki walimwandikia metformin 500 kidonge kimoja mara mbili kwa siku, glibenclamide 5 kimoja asubuhi, zote mbili za sukari, na za presha amlodipine 5 kimoja na losartan 50 kimoja. Cheti kimeandikwa kwa mkono: "saa 2 asubuhi" na "saa 2 usiku".

Kaka yetu mkubwa yuko Maskati na ndiye anayetuma pesa za dawa. Siku hizi amezama kwenye programu ya akili mnemba. Tulimpigia picha cheti, akaiingiza humo, na kwa kweli alirudi na maelezo mazuri. Hata mie nimejifunza kila dawa inafanya kazi gani. Kisha programu ikamtengenezea ratiba ya kumeza dawa, akaelekeza iwekwe kwenye simu ya mama iwe kengele. Simu inalia 2:00 na 14:00. Mama anaamka usiku wa manane, anameza dawa za asubuhi kwa maji, analala tena. Nilipouliza, kaka akasema tufuate ratiba maana imetoka kwenye cheti cha daktari.

Kila jioni anapiga simu ya video aone presha inavyopimwa. Siku moja ilitoka 168/94. Akaiuliza mashine, ikamwambia hiyo iko juu na kwamba amlodipine hupandishwa hadi 10. Tangu hapo mama anakunywa viwili. Sasa miguu imevimba yote miwili, kandambili hazimwingii, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Kaka kauliza tena, kaambiwa uvimbe hutibiwa kwa dawa za kukojoza maji kama Lasix. Katuma pesa, nimenunua Lasix 40 duka la dawa. Iko mezani na mkono hauniendi kumpa.

Jengine: alfajiri moja nilikwenda kumwamsha kwa sala nikamkuta jasho tepetepe, kanga imerowa, ananiita kwa jina la marehemu dada yake na maneno hayaeleweki. Nikampa chai ya sukari nyingi, akarudi sawa. Mashine ilimwambia kaka kwamba huenda ni joto au wasiwasi. Majirani wanasema mengine.

Kaka pia anataka kuleta saa ya mkononi inayopima sukari bila kutoboa kidole. Je, Lasix nimpe? Hii akili mnemba tuiamini au tuiache kabisa? Mbona hata daktari, mara ya mwisho, aliangalia simu yake kabla ya kuandika? Na kaka nimwambieje, naye ndiye mkubwa na ndiye mtoaji?

Mwalimu, Wete

JIBU

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Lasix iache hapo hapo mezani. Lakini ndani ya barua yako lipo zito kuliko Lasix, na umelitaja kama la kupita njia: ile alfajiri ya jasho.

Kabla hujaendelea kusoma, chukua simu ya mama uzime kengele ya 2:00. Saa mbili asubuhi ya daktari wa Pemba kwenye simu ni 8:00, na saa mbili usiku ni 20:00. Programu imeona tarakimu 2, ikaandika 2. Kwa hiyo mama anameza glibenclamide saa nane za usiku, tumbo tupu, na chakula cha karibu ni chai ya asubuhi. Dawa hii haisubiri sukari ipande ndipo ifanye kazi. Inalisukuma kongosho litoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo, na nguvu yake huwa kubwa saa chache baada ya kumezwa. Hesabu kutoka saa nane usiku, utaangukia kwenye alfajiri ile ile. Jasho la ghafla, kanga kurowa, akili kupotea, kisha kutulia baada ya chai ya sukari: hizo ni dalili za sukari kushuka. Joto halimpotezei mtu maneno halafu likaondoka kwa kikombe cha chai.

Na hata kengele ingekuwa sahihi, glibenclamide kwa mama wa miaka 67 ni ya kujadiliwa na daktari. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeandika wazi kwamba glibenclamide haifai kwa waliovuka miaka 60. Sababu ni kwamba inakaa mwilini muda mrefu, na figo zikichoka inakaa zaidi. Mgonjwa anaweza kunyanyuka kwa chai, mkafurahi, kisha sukari ikateremka tena baada ya saa kadhaa hali nyote mmeshaondoka kitandani kwake. Zipo dawa za jamii hiyo hiyo zisizo kali namna hiyo kwa wazee, kama gliclazide. Mwambieni daktari neno hili hili: "Mama alishuka sukari alfajiri, anatumia glibenclamide, je, abadilishiwe?" Msiiache wala kuibadilisha wenyewe nyumbani, lakini safari ya kliniki iwe kesho na si mwezi ujao. Usiku wa leo asimeze glibenclamide; daktari aliiandika ya asubuhi, na asubuhi ni pamoja na chakula.

Ikitokea tena kabla hamjafika huko, mpime. Sukari chini ya milimoli 3.9 ni kushuka. Mpe sukari gramu 15, yaani vijiko vinne vya chai vilivyokorogwa kwenye nusu gilasi ya maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Chokoleti na haluwa havifai kwa haraka hii, mafuta yake yanachelewesha. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikishapanda, ale kitu cha kukaa tumboni: mkate, muhogo, ndizi. Mashine ya kupimia sukari ikiwa mbali usiitafute, mpe sukari kwanza. Akiwa hawezi kumeza au haitikii, usimtie chochote mdomoni, kitapita njia ya hewa. Mlaze ubavu na mtafute gari. Na kwa kuwa anatumia dawa hii, hata akizinduka vizuri afike hospitali siku hiyo hiyo wamwangalie.

Sasa twende kwenye miguu. Ile 168/94 ilipimwaje? Kwa simu ya video, jioni, kaka akiuliza hali na mama akimjibu huku mkanda unajaa upepo. Kuongea peke yake kunaweza kupandisha kipimo kwa 10 au zaidi. Mkono unaoning'inia bila kuegemezwa, kibofu kilichojaa, mgongo usioegemea, miguu iliyokunjwa moja juu ya nyengine, kila kimoja kinaongeza chake, na mkanda uliofungwa juu ya mkono wa gauni au buibui unaweza kuongeza zaidi ya vyote hivyo. Kwa hiyo hatujui kama mama alikuwa na 168 au 145. Wala mashine ya kaka haikujua, maana ilipewa namba mbili na mstari wa mkwaju katikati.

Kutokana na namba hiyo amlodipine ikawa 10. Amlodipine hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu, lakini ile inayoirudisha hailegei sawasawa nayo, hivyo maji yanasukumwa nje ya mishipa na kutua chini, kwenye vifundo. Uvimbe huu ni wa kawaida kwa dawa hii, huwapata zaidi wanawake, huzidi jioni, na hutokea mara nyingi zaidi kwenye miligramu 10 kuliko kwenye 5. Si maji yaliyozidi mwilini. Ndiyo maana Lasix haiuondoi ipasavyo: inakamua maji yaliyomo ndani ya mishipa na kuyaacha yale ya kwenye vifundo. Mama atakojoa sana, atasikia kizunguzungu akisimama, pengine ataanguka chooni usiku. Potasiamu itashuka. Figo zitabanwa huku na Lasix na kule na losartan, na figo zikidhoofika metformin haitoki mwilini kama inavyotakiwa. Mngeanza na kipimo kibovu mkaishia na mgonjwa wa figo, na kila hatua ingekuwa na maelezo mazuri kwenye skrini.

Madaktari wanaujua vizuri mtego huu wa dawa kuzaa ugonjwa na ugonjwa kuletewa dawa nyengine. Mtu anayemuona mgonjwa mzima huuliza kwanza: nini kilibadilika kabla ya miguu kuvimba? Kaka hakuuliza hivyo. Aliuliza uvimbe unatibiwa kwa nini, na alijibiwa alichouliza. Jibu lenyewe halikuwa uongo, Lasix ni dawa ya uvimbe wa aina fulani. Ni kama fundi aliyeagizwa rangi ya ukuta unaovuja: rangi ataleta, na nzuri.

Rudini kwenye miligramu 5 zilizoandikwa kwenye cheti, maana hizo ndizo daktari alizoziamua, na mkamwambie kwamba mlipandisha. Msifiche. Akiona miguu bila kujua habari ya 10 naye anaweza kuandika Lasix. Uvimbe hautaondoka kesho. Amlodipine hukaa mwilini siku kadhaa, mpeni mama wiki moja au mbili. Hata hivyo kuna uvimbe ambao si wa dawa: mguu mmoja tu uliovimba na kuuma, pumzi kukata akilala chali, uso kuvimba asubuhi, mkojo kupungua. Hapo ni hospitali mara moja, na simu ya Maskati ipigwe njiani. Vivyo hivyo kifua kikibana, mdomo ukipinda au mkono mmoja ukiishiwa nguvu.

Presha ipimeni upya kwa utaratibu huu. Mama akojoe kwanza. Akae kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote chini, atulie dakika tano bila mazungumzo wala redio. Mkono ulazwe juu ya meza, mkanda uwe usawa wa moyo na juu ya ngozi tupu. Pima, subiri dakika moja, pima tena, andika zote mbili. Asubuhi iwe kabla ya dawa na chai, na jioni tena, kwa siku saba. Siku ya kwanza itupeni, watu wengi siku hiyo wana wahka. Wastani wa zilizobaki ukiwa chini ya 135/85 mko salama kwa vipimo vya nyumbani; ukizidi, mna karatasi ya kumwonyesha daktari, naye ataamua kwa namba za wiki nzima. Mkikuta 180/110 mara mbili mfululizo baada ya kutulia, msisubiri wiki iishe.

Kwa glukomita, yaani ile mashine ya kupimia sukari, makosa yanayopotosha ni madogo zaidi. Mama akishamenya embe au akishagawa haluwa, halafu akatoboa kidole bila kunawa, mashine itapima embe. Maji na sabuni, kisha kukausha kabisa. Chupa ya stripi ifungwe papo hapo, hewa ya pwani yenye unyevu inaziharibu, na ziangalieni tarehe. Hata mashine nzuri ina ruhusa yake ya kukosea: kiwango cha kimataifa cha ISO cha mwaka 2013 kinakubali tofauti ya asilimia 15 pale sukari inapokuwa 5.55 au zaidi. Kipimo cha 10.0 kinaweza kuwa 8.5 au 11.5 kwa hakika yake. Kwa hiyo msibadilishe kitu kwa kipimo kimoja, labda kiwe cha kushuka.

Umeuliza tuiamini au tuiache. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ilikufundisha kazi ya kila dawa, na hiyo ni faida ya kweli; wagonjwa wengi wanameza vidonge miaka bila kujua kipi cha nini. Programu hizi zimelishwa maandishi mengi sana, na kazi yake ni kukisia neno gani linafuata. Kueleza jambo linalojulikana zinaweza. Kumpima mama yako haziwezi, na zikikosa taarifa mara nyingi hazikwambii zimekosa, zinaziba pengo kwa maneno laini. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya mashine za aina hii mwezi Januari 2024, na miongoni mwa hatari lilizozitaja ni majibu ya uongo au pungufu, na watu kuitegemea mashine kupita kiasi hata wakaacha kuona kosa ambalo wangeliona wenyewe. Kengele ya saa nane usiku ndiyo hiyo. Hakuna Mpemba asiyejua saa mbili ni saa ngapi, lakini ikishatoka kwenye simu watu wazima watatu wanaifuata.

Mitego mengine ni ya kuwaonyesha nyote wawili. Namba isiyo na kipimo chake ni hatari. Huku kwetu sukari inapimwa kwa milimoli, Marekani kwa miligramu, na kubadilisha unazidisha kwa 18: 7 ya kwetu ni 126 ya kwao. Ukiandika "sukari 6.8" bila kusema zaidi, mashine inaweza kuidhania ni kile kipimo cha maabara cha wastani wa miezi mitatu, ambacho huandikwa kwa asilimia, ikakupa jibu la swali jengine. Mwandiko wa cheti kwenye picha nao husomwa vibaya, 1x2 ikawa 1x3. Jina la dawa na miligramu vinakilini kutoka kwenye boksi, si kwenye picha. Na namna ya kuuliza inavuta jibu. Kaka akiandika "mama ametoka jasho usiku, Pemba kuna joto, je, ni joto?" ataambiwa ni joto. Mashine hizi hupenda kumkubalia anayeuliza.

Kuna swali la kuuliza na la kutouliza. La kutouliza ni "niongeze dawa?" au "nimpe nini?" La kuuliza liwe na umbo hili, na mnaweza kulinakili lilivyo:

"Mwanamke wa miaka 67, Zanzibar. Ana kisukari na shinikizo la damu. Dawa alizoandikiwa: metformin 500 mg, saa 8:00 na 20:00, glibenclamide 5 mg, saa 8:00, amlodipine 5 mg, losartan 50 mg. Amlodipine iliongezwa kuwa 10 mg bila daktari, kisha miguu yote ikavimba. Alfajiri moja alitoka jasho, akachanganyikiwa, akapona kwa chai ya sukari. Hali ya figo haijapimwa karibuni. Usipendekeze dozi. Nieleze: dawa ipi kati ya hizi inaweza kuleta kila dalili, ni taarifa gani unazikosa, ni dalili zipi za kumpeleka hospitali leo, na nimuulize daktari maswali gani matano."

Ukilisoma hilo utaona kazi kubwa imefanyika kabla ya kuigusa simu: mmekusanya, mmepanga, mmeandika saa kwa tarakimu za simu. Fungueni mazungumzo mapya, ulizeni tena kwa kugeuza maneno. Majibu yakipishana, jambo hilo halijulikani kwa simu, liende kliniki kama swali. Na kwenye orodha ya dawa ongezeni asizoandikiwa: habasoda, uwatu wa kuloweka, mlonge, shubiri. Uwatu unashusha sukari, na ukikutana na glibenclamide wanasaidiana. Daktari naye hatajua msipomwambia.

Picha ya cheti isitumwe na jina, namba ya faili wala jina la hospitali. Funika kwa karatasi kabla ya kupiga. Mengi ya mazungumzo hayo yanahifadhiwa na kampuni, na mengine hutumika kufundishia mashine mpaka uizuie kwenye mipangilio.

Daktari kuangalia simu si kasoro. Pengine alikuwa anatazama mwongozo wa matibabu au kitabu cha dawa cha kidijitali, na ni bora atazame kuliko akisie. Muulizeni tu kwa adabu, "Daktari, umeangalia nini hapo?" Teknolojia za afya si kitu kimoja. Wahudumu wa shehia wa mpango wa Jamii ni Afya wanaopita majumbani na simu wanafuata maswali yaliyopangwa na wataalamu. Simu ile haitungi jibu. Zipo pia programu zinazosoma picha ya eksirei ya kifua kutafuta kifua kikuu, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziidhinisha mwaka 2021 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, kwa kuchuja nani apimwe makohozi. Zilijaribiwa kwa kazi hiyo moja. Programu ya kaka haikujaribiwa kwa kazi aliyoipa.

Kaka sasa. Usimwambie kwamba amekosea, na usimnyang'anye mama. Mtu aliye mbali hana njia ya kushika mkono wa mzee ila kutuma na kuelekeza. Mwambie alfajiri ile imepata jina, mweleze ya kengele kwa upole, kisha mpe kazi ambayo yeye anaiweza kuliko wewe. Daftari moja liwe la mama: dawa, vipimo, dalili, tarehe. Wewe unaandika, kila Ijumaa unampigia picha kurasa za wiki, yeye anaandaa maswali ya kliniki kwa hiyo akili mnemba yake. Mkubaliane kauli ya dozi ni ya daktari peke yake, na dozi haibadiliki mpaka iandikwe daftarini siku ya kliniki. Simu ya video ya jioni ipigwe baada ya kupima. Pesa za Lasix zielekezwe kwenye kipimo cha figo, yaani kreatinini, pamoja na potasiamu. Hivyo viwili vitamwambia daktari kama metformin na losartan ziendelee kama zilivyo. Na kama Ramadhani iko mbele yenu, daktari aulizwe wiki sita hadi nane kabla, maana saa za dawa zote zitahama. Mama akifunga, sukari chini ya 3.9 au juu ya 16.6 ni ya kufungulia, hata zikibaki dakika chache magharibi iadhiniwe.

Saa ya mkononi asiinunue. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Saa hizo huonyesha namba, na namba ya kubuni kwa mtu anayeshuka sukari usiku ni mbaya kuliko kukosa namba. Vifaa halisi vya kupima mfululizo vipo: kidude hubandikwa kwenye mkono na uzi wake mwembamba huingia chini ya ngozi, hudumu wiki moja na nusu hadi mbili kisha hutupwa. Ni ghali, hufaa zaidi kwa wanaojichoma insulini, na mama hakihitaji kwa sasa. Ipo saa inayoonyesha namba inazopelekewa na kidude kama hicho. Hiyo haipimi, inasoma.

Akitaka kuleta kitu cha maana, alete stripi za glukomita hiyo hiyo mliyonayo, maana za aina nyengine haziingiliani, na mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Kabla ya kununua aingie tovuti ya STRIDE BP, ambayo ina orodha ya mashine zilizohakikiwa, atazame jina na namba ya modeli kama zilivyo kwenye boksi. Wewe mpime mama mkono kwa utepe wa fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, umtumie sentimita. Mkanda wa kawaida mara nyingi huandikwa 22 hadi 32. Mkono ukizidi hapo aagize mkanda mkubwa, kwani mdogo unaobana utawarudisha kwenye 168.